Swali la Kumwuliza Meneja

3 Machi

Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Kaka yako na wifi yako hawajambo?

Nimesikia umeitwa usaili wa ukarani wa stoo, kiwanda cha mikate. Hongera, mwanangu. Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Mimi nilisema sina, siku ya kuanza kazi nikagundua chumba changu cha kazi hakina dirisha, na nikakaa humo miaka kumi na tisa. Omba kuona utakapofanyia kazi. Na uliza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo anaondoka kwa nini.

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole na goti. Sisi wazima, wifi mzima zaidi, siku hizi anafagia hadi chini ya miguu yangu. Miaka miwili kwenye kochi lao si mchezo. Nikiikosa hii sina pa kwenda, sasa mwomba kazi na maswali wapi na wapi? Nitajibu, nitashukuru, nitatoka. Ingawa hilo la mwisho limeniganda kichwani, natamani kweli kujua.

Mwanao

14 Machi

Shangazi, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Niliuliza. Unaujua ulimi wangu. Walikuwa wawili, meneja na mzee mmoja mpole aliyenihoji habari za unga: magunia gani yatoke kwanza, panya wanazuiwaje. Tulielewana hadi tukacheka. Meneja akataka kujua kama nina swali, nikalitoa lako. Akajibu bila kuinua macho kwamba karani aliyepo haoni vizuri tena, mwisho wa mwezi anaondoka.

Mzee akaweka kalamu chini. “Si mliniambia natafutiwa msaidizi?”

Kumbe karani ndiye yeye! Meneja akafunga faili, usaili ukaishia hapo.

Jana wamenipigia, kazi nimepata. Naona aibu kama mwizi. Niende?

Mwanao

17 Machi

Chiriku,

Goti liache, barua yako nimeisoma mara tatu. Masikini mzee wa watu. Wewe hukumfukuza, lakini la kwenda au kutokwenda usiniulize mimi. Mtafute, umwamkie kama baba yako, umwulize yeye.

Shangazi yako

1 Aprili

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kimya, nilikuwa stoo kutwa.

Nilimfuata kwake nikamwambia akisema neno moja tu, nafasi naiacha. Nikajua nafukuzwa. Akanivutia kiti. Akasema mwezi mzima alikuwa akimwuliza meneja kuna nini, na hakuna aliyemwambia ukweli mpaka siku ile. Akaniambia niende Jumatatu, anifundishe.

Amenifundisha wiki nzima, hadi kutambua unga uliopata unyevu kwa kuushika tu. Jana ilikuwa siku yake ya mwisho. Meneja alinyoosha mkono apokee funguo, mzee akampita, akanipa mimi.

“Afadhali uzishike wewe,” akasema. “Wewe uliuliza.”

Nililia, Shangazi, mbele ya watu wote.

Mwanao