Sponji ya Kooni

Jumanne, 4 Machi
Wodini. Nimemeza msumari wa makochi. Miaka yote nagonga huku misumari mingine nimeibana midomoni, ndivyo mafundi wa makochi tulivyo. Jana mke wangu kamwigiza mteja akijaribu kukaa kwenye kochi bovu — nikacheka, mmoja ukateremka, ukakwama kooni. Akanipa ndizi, akasema: meza bila kutafuna, itausukuma. Ikausukuma kweli!

Jumatano, 5 Machi
Wameutoa kwa mpira wenye kamera, kupitia mdomoni, nikiwa usingizini. Umeacha tundu kwenye ukuta wa umio, njia ya chakula. Daktari anasema lingekuwa dogo. Ndizi ndiyo iliyousukuma ukachana. Akauliza, nani kakushauri? Nikasema mimi mwenyewe. Mke wangu alikuwa dirishani, anakunja shuka.

Kifua hawakipasui kwa sasa. Wameingiza sponji ndani ya tundu, mrija unatokea puani mpaka kwenye mashine inayofyonza uchafu, ili nyama iote taratibu. Ikishindikana, kisu. Niliomba kushika kipande cha sponji. Laini mno — kwa kochi ingebonyea mwezi wa kwanza.

Marufuku kumeza chochote. Hata maji.

Jumapili, 9 Machi
Wamebadilisha sponji. Tundu limepungua, si sana. Jirani wa kitanda cha pili anakunywa chai kwa kelele. Namchukia, sina sababu nyingine.

Mke wangu hatanii tena. Anakaa kama yuko msibani. Hilo linaniogopesha kuliko kisu.

Jumatatu, 17 Machi
Sponji nyingine, ndogo zaidi. Mke wangu kauliza kama ile ndizi ilikuwa na ubaya. Nikamwambia ndizi ni chakula cha wagonjwa. Hakucheka.

Alhamisi, 20 Machi
Asubuhi wametoa sponji. Nimemeza dawa inayoonekana kwenye picha, nikapigwa picha. Ikionekana inavujia kifuani, kesho napasuliwa. Mke wangu kaenda kungoja majibu kwa daktari. Sista, ili nisikae na mawazo, kaniletea kiti chao kilichochanika nikitengeneze, kama alivyoahidi jana. Shemeji, mdogo wa mke wangu, alishaniletea nyundo na misumari jana hiyohiyo.

Nimemaliza upande mmoja. Nimekaa niandike kidogo. Mbona nahemea puani tu?

Misumari mitatu. Midomoni. Sikumbuki kuiweka.

Mke wangu huyo koridoni. Anacheka — namsikia, anamwigiza daktari, ile sauti yake ya puani, na hatua zake, anaingia, na mimi mbavu zimeshaanza