Shujaa Bila Mganga

Jumapili, Nyansurura

Na leo ndiyo nimeelewa shujaa anachezwaje. Kwenye gemu la vita tunalocheza mtandaoni, shujaa hakimbilii kuua. Anasimama mbele na ngao apigwe yeye, ili mganga aliye nyuma awe salama na aendelee kumtibu. Mimi sasa ni fundi, sibishani na mtu.

Mganga wangu siku zote ni Marwa, tumechunga ng'ombe wote tangu wadogo. Ila yeye ametahiriwa mwezi huu, mimi baba kasema msimu ujao.

Nikamwandikia, "Oya, ingia uone shujaa wako."

Akajibu, "Mimi ni mwanaume siku hizi. Cheza na watoto wenzako."

Nikamwambia waganga wamejaa, simhitaji. Uongo. Niliingia peke yangu, nikasimama mbele kama Marwa alivyonifundisha, nikapigwa mpaka nikafa, na nyuma hapakuwa na mtu.