Mama Yako Ametugundua

Fundi Bisimwa,

Duka lako la kuandika mabango hapa ugenini, Doornfontein, bado liko wazi. Brashi nashika mimi, mwanafunzi wako uliyekuwa ukinifokea asubuhi na jioni. Wateja wananivumilia.

Jumamosi tunakutana kama ulivyotuzoesha: Deo na cherehani yake, Chantal akitoka saluni, chai, na umbea usioisha. Hapo ndipo ulipokuwa ukimwandikia mama yako kule Uvira, katikati ya kelele zetu, kila mtu akidai salamu zake ziingie. Chini ya kila barua ulimchora mmoja wetu. Mama hasikii vizuri kwenye simu wala hajawahi kutuona, lakini anatujua wote, hadi kipara cha Deo.

Ulipofariki, Deo alisema moyo wa Mama hautahimili. "Tumufiche kidogo tu." Basi akawa anaandika yeye kwa jina lako, nami nachora. Hicho kidogo kikawa miezi. Sikupenda, Fundi. Lakini nilipokuwa nikichora niliona kama hujaenda mbali, nikaendelea.

Juzi mama mmoja anayeuza vitenge katuletea jibu kutoka Uvira. Chantal alilisoma kwa sauti:

"Mwanangu alikuwa anamuchora Chantal amenuna. Huyu wenu anacheka. Wewe unayechora, aksanti sana. Sasa uniambie, mtoto wangu mulimulaza wapi?"

Deo aliinamia cherehani akalia kama mtoto. Chantal naye, machozi yakimtiririka, akauliza, "Eish, kumbe alikuwa ananichora nimenuna?" Tukacheka huku tunalia. Siku ya mazishi yako sikulia hivyo.

Jibu nitaandika mimi. Deo amekubali. Jumamosi hii hatunywi chai. Tunakwenda makaburini wote watatu na rangi zako. Nitachora pale ulipo: udongo mwekundu, nyasi zilizokauka, Deo na Chantal wamesimama pembeni. Sitaongeza ua lolote ambalo halipo. Nataka Mama aone penyewe.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi barua hazitakatika. Chini ya hiyo ya Mama nitaandika jina langu, ili Mama ajue ni nani wa kumjibu.

Neema