Mwezi Wenye Kovu

Tarehe 3 Februari

Kwako Mjomba,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba jicho lako bado linaona skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. Mimi ni mzima, ila mgongo. Siku hizi unaniita kwa jina kila asubuhi kabla sijaamka.

Najua tangu niondoke tunaandikiana kukiwa na msiba au harusi tu. Hii si ya msiba wala ya harusi. Aliyekuletea ni mwenzangu wa kazi, tunamwita Twiga kwa ajili ya ile shingo, anakuja huko likizo. Ndani ya soksi aliyokupa kuna saa ya mkono. Usiogope soksi, ni mpya.

Nimeipata hivi. Kampuni yetu inahamisha samani za watu. Kulikuwa na mzee anakaa ghorofa ya nne, jengo lenye lifti mbovu, na daktari anamtaka hospitali mara tatu kwa wiki. Wakanipa mimi. Nilimbeba mgongoni miezi mitano, kushuka na kupanda. Alikuwa mwepesi kuliko kabati, lakini kabati halikusimulii ndoa yake ngazi zote nne. Siku ya mwisho alivua saa, akanifunga mkononi yeye mwenyewe. Akasema, "Mgongo wako umeniongezea miezi mitano. Chukua huu mmoja." Alikuwa ananionyesha ule mwezi mdogo unaotembea ndani ya saa. Wiki ile ile akafariki.

Nimekaa nayo wiki tatu. Nilikwenda duka la saa kuuliza thamani. Mwenye duka alitazama mikono yangu kabla ya kutazama saa. Akasema ni ya bandia, halafu akasema ataichukua hivyo hivyo kwa kunihurumia. Mimi shule niliiacha njiani, Mjomba, lakini mtu anayenunua takataka kwa huruma namjua.

Kama ni ya kweli, naiuza narudi nyumbani. Miaka tisa inatosha. Kama ni ya bandia, naendelea kubeba makabati mpaka na mimi nibebwe. Sina mwingine ninayemjua anayejua saa. Itazame, uniandikie kila unachokiona, usiruke kitu. Na mwezi wake pia, niambie ukoje.

Mpwa wako


Tarehe 15 Februari

Mpwa wangu,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Mkazamjomba wako anauliza kama unakula au unabeba tu.

Twiga wako alifika juzi. Alipitia kwanza kwa wakwe zake, akala huko wiki nzima, kwa hiyo saa ilinifikia imelala fofofo. Nilifunga mlango wa kibanda, nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikaweka kioo jichoni. Umesema nisiruke kitu, basi soma.

Ganda lake ni dhahabu, si la kupakwa. Nimelitazama kwenye pembe zinakosuguana na shati; ya kupakwa ingeshaonyesha shaba. Ni nyembamba, inapita chini ya mkono wa shati bila kukwama. Hii ni saa ya mtu anayekwenda kwenye sherehe na hataki kuulizwa saa ngapi. Uso wake ni kauri iliyochomwa tanuruni, mweupe wa maziwa. Mishale ni ya buluu, lakini si rangi: ni chuma kilichopashwa moto mpaka kikageuka. Ukiinamisha saa kidogo mishale inakuwa myeusi, ukiinua inarudi buluu. Bandia hawajui kufanya hivyo, au wanajua na wanaona uvivu. Haina betri, inatiwa ufunguo kwa vidole. Vichwa vya skrubu havina mkwaruzo hata mmoja. Nimeisikiliza kwa sikio la kulia, lile zima. Inatembea kama mtu asiye na deni.

Nilipoiamsha, niliusogeza mwezi kwa ncha ya sindano, kuna kitufe kimejificha ubavuni, uende sawa na ule wa mbinguni. Ni mwezi wa dhahabu juu ya buluu, safi, hauna doa.

Ndani ya mfuniko wa nyuma nimekuta alama sita. Hiyo ni desturi yetu: fundi akishughulikia saa anachora humo jina lake na tarehe, herufi ndogo ambazo mwenye saa hazioni maisha yake yote. Fundi huweka alama kwenye saa anayoweza kuitetea mbele za watu.

Ni ya kweli. Bei yake ni bei ya nyumba.

Sasa na mimi nikuulize. Saa kama hii ina karatasi zake, na mzee yule ana watoto. Karatasi iko wapi? Watoto wanajua? Sikuweka alama yangu. Iache kwangu kwanza mpaka uniletee jambo la kushika mkononi. Yale ya karani hayajanitoka.

Mjomba wako


Tarehe 20 Februari

Mjomba,

Salamu. Mimi mzima, mgongo vilevile.

Unaniuliza karatasi. Mtu akikupa maji una kiu, unamwomba risiti? Binti yake alikuwepo, alikuwa anamshika mzee mkono asianguke wakati ananifunga saa. Baada ya mazishi alihamia mbali. Mimi ndiye niliyemshushia makabati. Anuani sikumwomba, sikujua kuwa ipo siku nitashtakiwa na mjomba wangu.

Na mimi nina la kukuuliza. Mwezi wa saa yangu una kovu. Liko kwenye shavu la kulia, doa jeusi kama punje ya ufuta. Nimeliona kila siku wiki mbili nzima, mpaka mwezi ulipoanza kuzama. Sikukuandikia makusudi. Nilisema moyoni, ngoja nione kama ataliona. Wewe unayeona mkwaruzo kwenye kichwa cha skrubu, umeandika kwa mkono wako: safi, hauna doa.

Nilipokuwa nafagia kibanda chako nilikuwa nawasikia wateja. Walikuwa wanasema peleka saa yako kwa fundi, itarudi na matumbo ya saa ya jirani. Nilikuwa nagombana nao kwa ajili yako. Sasa nauliza: kama mwezi si wangu, ni kipi kingine ndani ya ile saa si changu? Na kwa nini unataka ibaki kwako?

Umemtaja karani, basi tumtaje. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Saa yake ilipotea kwenye droo yako. Hukuniita mwizi. Ulikwenda dukani ukanunua kufuli. Asubuhi nikaikuta droo imefungwa, na ufunguo unaning'inia shingoni mwako, tukasalimiana kama kawaida. Mjomba, ungenipiga kofi ningekaa.

Mpe Twiga saa yangu. Nasema yangu, na vyote vilivyokuwa ndani yake.

Mpwa wako


Tarehe 26 Februari

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama, mkazamjomba wako akaniuliza nani amekufa.

Nitasema la ufundi tu. Chini ya uso wa saa, nyuma ya kidirisha cha mwezi, kuna sahani ya mviringo yenye meno pembeni. Juu ya sahani hiyo imechorwa miezi miwili. Mmoja ukizama kulia, wa pili unachomoza kushoto. Hawaonani. Wewe ulikaa na mmoja. Siku kumi saa ililala kwenye soksi, na nilipousogeza mwezi kuufikisha kwenye tarehe, wako ulizama, ukaja mwenzake. Mimi nimemwona mwenzake tu.

Ningeweza kushika sindano nikasukuma mpaka huo wa kovu utokee. Ungesema nimelichora mwenyewe. Kwa hiyo sikuugusa. Nimemwambia Twiga aitie ufunguo kila asubuhi, na safari hii hakuna kupitia kwa wakwe. Ikikufikia endelea kuitia. Sindano usiiguse. Acha uje wenyewe mbele ya macho yako.

Mjomba wako


Tarehe 5 Machi

Mjomba,

Salamu. Saa nimeipokea jana, inatembea.

Miezi miwili! Mungu mwenyewe aliona mmoja unatosha. Nilimsomea Twiga barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mjomba wako ni fundi kweli, uongo wake una meno pembeni." Wenzetu wengine wanasema nisihangaike, nimeshaibiwa, niuze ganda.

Nimeuona huo mwezi ulionitumia. Ni safi kama ulivyosema. Unazama. Nitangoja kwa sababu sina la kufanya, si kwa sababu nakuamini. Miaka tisa iliyopita hukungoja hata siku moja.

Mpwa wako


Tarehe 20 Machi

Kwako Mjomba,

Salamu nyingi kwako na kwa mkazamjomba. Barua yangu ya tarehe tano hukuijibu. Haikustahili.

Mwezi ule ulizama wote. Siku mbili hakukuwa na kitu pale, nyota tu. Nilishika sindano mara mbili nikairudisha kwenye kofia. Halafu kushoto ikatokea ncha ya dhahabu, nyembamba kama ukucha. Twiga akasema hata kovu likija, tutajuaje kama si la kuchorwa? Nimekuwa nakula na saa mbele yangu, wenzangu wananiuliza kama nimeposa. Jana asubuhi, wakati navaa ovaroli, nililiona. Shavu la kulia. Punje ya ufuta. Nilikaa kitandani na mguu mmoja ndani ya ovaroli, gari la kazi likaniacha.

Basi kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, nilikwenda duka jingine la saa, kubwa, nikaingia na ovaroli yangu hivyo hivyo. Mama aliyekuwa hapo alivaa kioo jichoni kama wewe, akafungua mfuniko wa nyuma. Nikamwambia najua, kuna alama sita. Akatazama, akatazama tena. Akasema, "Saba."

Nikamwambia haiwezekani, fundi wa mwisho alikataa kuweka yake. Akanipa kioo. Ilichukua muda kuzipata herufi zako. Jina lako, na chini yake: 26.2.

Mama akauliza huyo wa saba ni nani. Nilisema, "Mjomba wangu." Akasema ana mkono mzuri, na akanitajia bei. Ni ile uliyoisema, bei ya nyumba. Nimemwambia nitarudi.

Mjomba, tarehe ishirini na sita ndiyo siku ulipoijibu barua yangu. Ile ya matumbo ya jirani. Karatasi sikukuletea, na mpaka leo sina. Kitu cha kushika mkononi sikukupa hata kimoja. Nilikuita mwizi, wewe siku ile ile ukafungua mfuniko ukaandika jina lako. Kwa nini?

Nisamehe. Naandika neno hili mara moja kwa sababu nikiliandika mara mbili nitalia, na chumba kina watu sita.

Mpwa wako


Tarehe 27 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Mkazamjomba wako ameisoma barua kabla yangu, siku hizi ana tabia hiyo.

Unauliza kwa nini. Nilipomaliza kusoma barua yako nilitafuta kichwani mtu mmoja atakayesema fundi huyu si mwizi. Nikamkosa. Wateja nawajua, na yale wanayoyasema nilikuwa nayasikia hata kabla yako. Nikasema, mimi ni mzee, nina kibanda na jina, na bado naumia hivi. Yule alikuwa na miaka kumi na saba. Nikavaa kioo.

Saa ya karani haijaonekana mpaka leo. Nilikuwa najiambia siku moja itaanguka kutoka nyuma ya droo, nitakuandikia. Nikawa nangoja. Wewe umengoja wiki mbili, mwezi ukakujia. Mimi nimengoja miaka tisa hakuna kilichokuja, na hakitakuja. Hata huo mwezi wenye kovu mimi sijauona. Umesema upo, basi upo.

Saa ni yako. Ukitaka kuiuza, mwuzie huyo mama, na usikubali akupunguzie kwa sababu ya ovaroli. Ukitaka kuja nayo, njoo nayo niuone.

Kufuli nimelikata kwa msumeno, ufunguo ulikuwa umeshaliwa na kutu. Nimeharibu na ubao, droo sasa haifungi vizuri. Njoo uitengeneze.

Mjomba wako