Kadi za Mchango wa Mlima

Kiboriloni, Jumapili

Kadi zile nazijutia. Nilizichapisha kama za harusi, maana ndizo watu wanazozijua. Leo baada ya misa nilimpelekea baba mdogo ya kwake. Akaifungua akitabasamu, akauliza bibi harusi ni wa wapi.

Nikamweleza kwamba ni mchango wa safari yangu ya kupanda mlima Nepali. Miaka tisa nimewabebea wageni mizigo hapa Kilimanjaro. Nataka mara moja nipande wa kwangu, kwa raha yangu tu.

Akanirudishia kadi. "Mwanangu, ungekuwa unaoa ningetoa. Kwa hili sitoi. Ila ukifia huko, tutachanga urudishwe."

Hakusema kwa ubaya. Kaka yangu alipofia kambini kule juu, hela ya jeneza na ng'ombe ilitimia kabla ya jioni.