Ufunguo wa Jina Lako

Kaka Ndahani,

Shikamoo. Leo hakuna wa kuniitikia marahaba, halafu aniulize kama nimesoma kabla ya kupeleka. Sikusoma, Kaka. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua tulivyokuwa tukifanya. Ghala la programu ya kugawa viwanja, kompyuta kuu inayotunza kila badiliko na jina la aliyelileta, liko Dar, na sisi Dodoma tulipewa ufunguo mmoja tu wa kuingiza mabadiliko, wa jina lako. Mimi nilikuwa na chombo changu kipya kwenye kompyuta, ulichokiita kidude cha Neema. Kilivuta kila kitu kutoka ghala la Dar, nikafanya kazi hata intaneti ikikatika. Kupeleka mabadiliko Dar ndiko kulikuwa kwako. Nilikaa kando ya meza yako, wewe unasoma mstari kwa mstari huku unamenya karanga. "Soma kwanza, ndipo upeleke." Moyoni nilikuona unanichelewesha tu. Mungu anisamehe.

Wiki uliyolazwa niligundua kiwanja kimoja cha Nzuguni kimepewa familia mbili. Nikarekebisha kwangu. Dar nikawaomba ruhusa ya kupeleka mwenyewe, wakasema nijaze fomu, isainiwe na mwenye ufunguo. Isainiwe! Mkono wako haukuweza hata kushika kikombe. Nilipokueleza pale wodini ukaninong'oneza neno la siri la ufunguo wako, na maneno yako yaleyale ya kila siku.

Nilirudi ofisini mbio, nikapeleka. Nilidhani linakwenda lile rekebisho peke yake. Kumbe kidude kilibeba kila nilichokuwa nimehifadhi, pamoja na majaribio yangu ambayo hayakuwa yamekamilika. Kesho yake ukafariki, hujui lolote. Tuko msibani, orodha ikabandikwa Nzuguni, na watu wa mtaa mzima wakakuta majina yao hayapo. Wengine walikuwa wameshachimba msingi.

Majina nimeyarudisha. Lakini ghala lile halifuti historia, wewe mwenyewe ulinifundisha. Pameandikwa aliyefuta ni Ndahani. Dar wanasema maskini, alikuwa mgonjwa, akili ilishamwacha. Akili yako, Kaka! Maneno yamefika mpaka Ihumwa kwenye matanga yako. Shemeji alinivuta pembeni, akaniuliza taratibu, "Neema, ni kweli mume wangu aliwafutia watu viwanja?"

 Nilishika kikombe cha chai, nikatazama chini kama mjinga. Niliogopa kazi, nikamfikiria baba kule Chemba anavyojisifu kwa wenzake mnadani kwamba binti yake yuko kwenye kompyuta.  Nikifumba macho namwona shemeji anasubiri jibu. Nimechoka, Kaka, sina pa kukimbilia.

Jumatatu wanaufunga ufunguo wako. Ukishafungwa, ghala litakushtaki milele na hakuna wa kukutetea. Kwa hiyo nimeandaa badiliko moja la mwisho, mstari mmoja tu wa maelezo: "Majina ya Nzuguni yalifutwa na Neema. Ndahani alikuwa wodini." Sina njia nyingine ya kuupeleka isipokuwa kwa jina lako. Nisamehe, nakutumia tena.

Nikitoka hapa naenda Ihumwa kwa shemeji, asikie kwangu kabla hajasikia kwao. Hilo nakuahidi. Wakinifukuza, wanifukuze.

Pumzika sasa, Kaka yangu. Nimesoma mara tatu, mstari kwa mstari. Napeleka.

Neema