Beseni ya Mboga

Jumatatu, tarehe 1/9/2025

Djamila amekuja kwangu kutoka chuo kikuu saa nane. Hakuvua viatu, akakaa kwenye mulango. Nikamuuliza: umekula? Akasema: Mama, wameniita kwenye komisyo ya uchunguzi ya chuo.

Barua niliiona. Karatasi moja tu! Kifaransa kitupu. Akanielezea pole pole kama vile mimi njo mwanafunzi wake. Kuna muntu ameandika kule juu kwamba hesabu za kitabu chake cha udokta ni za kutunga. Kwamba alikaa nyumbani akabuni kilo za samaki. Kwamba wavuvi wa mwalo wetu wa Kichanga, hapa mitumbwi inaposhukia, walimununua ili serikali isitufungie ghuba.

Walimununua na nini? Na samaki mbili, mikebuka za kukauka?

Kitabu kile nakijua, alinifundisha. Kinasema hapa Kichanga hatuvui watoto wa kuhe. Kuhe ni samaki mukubwa, baba na mama wanalinda watoto wao kwenye mawe, hawali, mpaka wao wenyewe wanakonda. Djamila akaandika: kwetu watoto hao wako salama, ghuba iachwe wazi. Ikaachwa. Kwa kitabu hicho akawa Profesa. Mutoto wa kwanza wa mwalo huu, na ni mwanamuke! Lakini sasa kuhe hawaonekani tena. Komisyo inauliza walienda wapi.

Wakiona alitunga, watamunyanganya udokta, uprofesa, biro yake ya kazi, vyote.

Na zile kilo niliandika mimi. Miaka mine, kila asubuhi. Darasa nilifika la tatu tu, lakini mizani naijua. Mbele ya kaye, hili daftari, kilo za Djamila, huku nyuma mambo yangu. Huku hapana muntu anasoma.

Hakula.

Jumatano, tarehe 3/9

Amekuja na kaye zote za zamani, kumi na saba. Akazipanga juu ya meza, anasoma kwa sauti, mimi niko napika. Ndagala kilo mia moja kumi na mbili. Mikebuka arobaini. Kuhe sita. Watoto wa kuhe, sifuri. Ukurasa mwingine — watoto wa kuhe, sifuri. Sifuri. Sifuri. Kama muntu anapiga musumari.

Kisha akafunga kaye. Akaniuliza: Mama, hizi sifuri ni za kweli? Hakuna siku ulichoka ukaandika tu?

Nilikasirika! Nikamuambia wallahi mimi sijaandika hata gramu moja ya uongo tangu ulinipa hii mizani. Akasema pardon, mama. Akainamisha kichwa.

Nikarudi kwenye chungu. Nilikuwa nakoroga samaki wadogo na majani ya lengalenga na mawese. Kijiko kikanisimama mukononi. Ndani yake kasamaki kama kidole, madoa meusi kwenye ubavu, yale ya mutoto wa kuhe. Na kengine. Na kengine.

Niandike vizuri ili mimi mwenyewe nielewe. Mutumbwi ukifika, kabla ya mizani, kapita, musimamizi wa wavuvi, anatoa ya mboga, samaki wa kula bure. Ni ya wale waliovuta kamba, na wajane, na wamama wanaokuja na watoto mugongoni. Wadogo wadogo wasio na munuzi njo wanaenda kwenye ile beseni. Tangu bibi yangu ilikuwa hivyo. Ile hatupimi. Ile si samaki wa mutumbwi tena, imeshakuwa ya watu! Djamila aliniambia, mama, pima samaki wote wa mutumbwi. Nikapima wote.

Kumbe sikupima.

Alikuwa pale mezani, mita mbili. Nilifunika chungu.

Ijumaa, tarehe 5/9

Nimeenda kwa Mama Marthe, rafiki yangu tangu bwana zetu wako hai. Alikuwa anageuza ndagala juu ya muchanga. Nikamuambia yote. Nilifikiri atalia na mimi. Alicheka!

Akasema: sasa wewe unataka kupima mpaka mate ya samaki? Nikamuambia Marthe, wanamufukuza mutoto. Akaacha kucheka. Akasema, Mama Djamila, sikiliza. Prof akianguka, ana masomo, ataamka kwingine. Wakifunga hapa, mimi nitakula nini? Mawe? Na wale wa Katanika waliokimbia vita, wanatembea asubuhi yote kuja kungoja ile beseni, utawaambia nini, nendeni mukale kitabu?

Alinifungia samaki kidogo kwenye karatasi. Nikakataa. Hajawahi kuniona nakataa. Akaniangalia kama vile nimemupiga kofi.

Zamani ya mboga ilikuwa bakuli. Mimi nakumbuka bakuli! Bwana yangu Swedi alipokufa majini, Djamila alikuwa na miaka tisa. Kila siku alikimbia pwani na kurudi na ya mboga yetu ndani ya sketi, maji yanamutiririka miguuni. Minerval, pesa ya shule, ilitoka kwa mihogo yangu, lakini mwili wake ule ulijengwa na ya mboga. Ilikuwa ndagala, konzi mbili tatu. Kisha alienda Lubumbashi, akaenda Ulaya, na huku vijana wakaanza kuvuta mustikere kwenye mawe, neti ya mbu, ile ile ya kulalia watoto. Bakuli ikawa beseni. Sisi tulisema Mungu ni mwema, ya mboga imeongezeka.

Djamila angekuwa mugeni, siku ya kwanza tu angeuliza: na ile beseni? Lakini yeye ni mutoto wa hapa. Anakuja saa ine, baada ya masomo ya asubuhi, tumeshagawana. Hata angeikuta — angeona ya mboga. Kama mimi.

Jumapili, tarehe 7/9

Leo nilitaka kusema. Nilivaa vizuri kabisa, kama muntu anaenda kwenye matanga.

Nimemukuta kwake, na darubini yake. Anakata vijiwe vya sikio la samaki. Samaki wana kijiwe ndani ya sikio, kidogo kama mbegu ya nyanya, na kina mistari, anahesabu mistari anajua umri. Aliniweka nione. Akasema: angalia mama, hawa wote wazee. Wazee tupu. Sioni mutoto hata mumoja. Watoto wanazaliwa, nimewaona kwenye mawe, halafu wanapotea. Nani anawala?

Kiti kilinichoma.

Wametoa jina lake kwenye horere, ratiba ya masomo. Wanafunzi wanaomusalimia sasa wanaangalia kwanza nyuma. Hubert, yule mukubwa wa komisyo, alikuwa anamuita "binti yangu" siku ya udokta; sasa anamuita "Madame". Si hata Profesa. Madame!

Siku ile ya udokta alionyesha mwandiko wangu kwenye ukuta, mukubwa kama dirisha. Ile 4 yangu yenye kupinda. Akasema mbele ya watu wote: mwenye kupima ni mama yangu. Watu wakapiga makofi, nikaficha uso na kitambaa.

Nikamuuliza tu: na ikiwa ulikosea? Nilisema kama ninauliza habari ya mvua.

Akafikiri. Akasema: mama, kukosea hakuniui. Nikikosea nataka nijue nilikosea wapi, hiyo njo kazi yangu. Wanasema niliiba. Hilo njo linaniua. Kisha akatabasamu — wiki nzima hajatabasamu — akasema, lakini sina wasiwasi, nitawaleta mwaloni wakuone unapima. Wakikuona watanyamaza.

Nikasema ndiyo mutoto wangu. Nikaenda nyumbani. Nilisema ndiyo!

Jumanne, tarehe 9/9

Marthe hana mudomo wa kufunga. Papa Germain amekuja, kapita wa mitumbwi. Amevaa shati safi. Akakataa chai, nikajua ni jambo.

Akasema: Mama Djamila, tumesikia. Prof ni wetu, hatuwezi kumuacha. Alhamisi wale wa komisyo wakija, beseni haitakuwepo. Mustikere itabaki nyumbani, tutaleta wakubwa tu. Wataona kile kilichoandikwa kwenye kitabu. Kisha wataenda zao na magari yao, na Prof anarudi kwenye biro.

Nikamuuliza: na Ijumaa?

Akasema Ijumaa ni Ijumaa.

Kwenye mulango akageuka. Wajane kumi na mumoja, akasema. Bila wale wa Katanika. Hakusema kwa ubaya. Germain njo alimutoa Swedi majini, mikono yake yote miwili ilichubuka kwa kamba. Angenitishia ningemufukuza. Hakunitishia. Alisema namba tu, kama vile mimi nasoma mizani.

Jumatano, tarehe 10/9

Nimeipima.

Walipoenda kufunga mutumbwi niliinua ile beseni na mikono yangu, nikaweka kwenye mizani. Mara mbili, maana sikuamini. Za mutumbwi kilo 24. Za beseni 31.

Thelathini na moja. Nilihesabu kidogo juu juu. Karibu wote wana madoa ubavuni.

Niliandika hapa, nyuma. Mbele sikuandika.

Alhamisi, tarehe 11/9

Wamekuja. Magari mawili. Hubert na wenzake watatu, wamekaa kwenye kibanda cha wavuvi, viatu vimejaa muchanga. Prospère yuko nao, mwanafunzi wa zamani wa Djamila, ananiambia shikamoo mama lakini macho yako chini. Djamila amevaa blauzi nyeupe. Amekonda. Ananipangusa vumbi begani mbele ya wote, kama mimi njo nahukumiwa.

Hubert anasema: Mama, fanya kama siku zote, sisi hatuko hapa. Kumbe wako hapa!

Nimeketi kwenye kasha langu. Naandika huku mutumbwi unakuja. Djamila amewaambia: mama anaandika pole pole, mumuvumilie. Wamecheka kidogo. Nzuri. Wacha wacheke.

Umefika. Germain anashuka, ananipa mukono, wake ni baridi. Ndagala kilo 19. Mikebuka 8. Kuhe moja, mukonde, kilo mbili na nusu. Ninapima mbele ya macho yao, sindano ya mizani haitetemeki. Kamba zimevutwa. Wamama wako kule mbali, Germain amewaambia wasisogee. Marthe amesimama na sahani yake tupu, anajifanya anaangalia ziwa.

Hubert: ni yote?

Germain: ni yote, Profesa.

Prospère anaandika kwenye karatasi yake. Mwengine anafunga sakoshi yake ya karatasi. Hubert ananigeukia: na wewe mama, ni yote? Kila siku ni hivi?

Naendelea kuandika. Djamila hasikilizi. Anaangalia muchanga karibu na mutumbwi, pale pale alipokuwa anapiga magoti na sketi yake. Anaangalia Marthe na sahani. Kisha anasema, taratibu tu, kwa heshima, vile mutoto aliyelelewa vizuri anakumbusha mukubwa:

— Papa Germain, leo hamukutoa ya mboga? Mama Marthe anangoja.

Kalamu ya Prospère inasimama. Mawimbi tu.

Hubert anauliza ya mboga ni nini. Germain anaangalia vidole vya miguu yake. Namuona mutoto wangu — namuona vile maneno yake mwenyewe yanamurudia. Mudomo unabaki wazi. Mukono unapanda kwenye shingo. Anahesabu. Namujua akihesabu, macho yanaenda kushoto: kaye kumi na saba, miaka mine, asubuhi ngapi.

Hubert anauliza tena. Djamila anageuka. Ananiangalia mimi.

Ninaandika. Sinyanyui kichwa. Wanafikiri naandika kilo.

Anakuja. Kivuli chake kiko juu ya kaye. Anasema pole pole, ile sauti ya miaka tisa: Mama? Ananyoosha mukono.

Namuambia ngoja, mutoto wangu, nigeuze kaye, ile 31 niiandike mbele.